Aksolotli na achoke: ndugu wawili wasioweza kuyahama maji yao

Noti ya peso 50 iliyoingia kwenye mzunguko nchini Meksiko mwaka 2021 ina picha ya mnyama mwenye kichwa kipana, mkia bapa na mdomo uliokaa kama anatabasamu. Nyuma ya kichwa chake yamechomoza matawi sita yenye nyuzinyuzi laini, matatu kila upande. Hayo ndiyo matamvua yake. Samaki huyaficha ya kwake chini ya mfuniko, lakini yeye huyabeba nje, yakipepea majini. Huyo ni aksolotli, salamanda wa mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City. Watoto wengi wa mjini wanamjua, hata hapa kwetu, kwa sababu tangu mwaka huohuo wa 2021 yumo kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft. Yumo pia kwenye fulana, mikoba na midoli, na watu hufuga walio hai sebuleni, kwenye matangi ya vioo, katika nchi nyingi tu za Ulaya, Asia na Marekani.

Ukitoka Mexico City kwa gari kuelekea magharibi, baada ya saa nne au tano unafika Pátzcuaro, mji wa nyanda za juu katika jimbo la Michoacán, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Huko ndiko kwao achoke, ndugu wa aksolotli. Huyu hayumo kwenye noti, na midoli yake huikuti dukani. Kundi kubwa kuliko yote la achoke wanaofugwa, wanyama takriban 300, liko ndani ya nyumba ya watawa wa Kidominiko. Masista hao wasiozidi dazeni mbili hivi huwatunza kwenye matangi, mabeseni na madumu, na hutengeneza kutoka kwao dawa ya maji ya kikohozi inayouzwa mlangoni kwa wenyeji na wapita njia.

Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopanga viumbe kwa kiwango cha hatari inayowakabili, imewaweka wote wawili katika ngazi moja: walio hatarini kabisa kutoweka. Ngazi inayofuata ni ya kutangazwa kwamba mnyama ametoweka porini. Kwa anayesoma orodha, basi, hawa wawili wako sawa. Kwangu mimi, kuwaweka safu moja kunaficha mambo mengi kuliko kunavyofichua, kwa sababu kinachommaliza mmoja hakifanani kabisa na kinachommaliza mwingine, na tiba ya huyu huenda isimsaidie yule hata kidogo.

Walivyobaki majini

Msomaji wa Afrika Mashariki hana kosa asipomfahamu salamanda. Amfibia wako wa makundi matatu. Vyura tunao tele. Wale wasio na miguu, wanaochimba udongoni na kufanana na nyungunyungu wakubwa, tunao pia, kwa mfano katika milima ya Usambara na Taita. Kundi la tatu ni salamanda, wenye miguu minne na mkia, ambao kwa haraka mtu angewadhani mijusi, ila hawana magamba na ngozi yao ni laini yenye unyevunyevu. Hao hatunao. Duniani wapo spishi zaidi ya 700, lakini kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja.

Aksolotli, ambaye wanasayansi humwita Ambystoma mexicanum, na achoke, Ambystoma dumerilii, ni wa jenasi moja yenye spishi zaidi ya 30 zinazoishi Amerika ya Kaskazini, takriban nusu yake zikiwa Meksiko. Ndugu zao wengi wa jenasi hiyo hupita njia ambayo tunaijua kwa chura: mayai huwekwa majini, watoto huanguliwa wakiwa na matamvua, kisha hubadilika umbo, matamvua hunywea, mapafu hushika kazi, na mnyama hutoka kuishi nchi kavu. Hawa wawili hawafiki huko. Hukua hadi sentimita 25 au 30, hupevuka, hutaga mayai na huzeeka, huku miili yao ikiwa bado na umbo la utotoni. Ni kana kwamba kiluwiluwi angekua mkubwa kuliko chura, akaoa na kujukuu, bila kuota miguu ya kurukia.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba umbo hilo linawafaa. Maziwa ya nyanda za juu za Meksiko yaliumbwa na volkano. Yalikuwa na maji baridi yasiyokauka, chakula cha kutosha, na hayakuwa na samaki wakubwa wala wanyama wa kutisha. Nje ya maji kulikuwa na ukavu, baridi ya usiku na maadui. Mnyama aliyebaki majini aliishi vizuri kuliko aliyetoka. Kwa maelfu ya miaka huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini siku maji yakiharibika, salamanda wa namna hii hana miguu ya kumfikisha kwingine. Hawezi kuvuka shamba usiku wa mvua akatafute dimbwi jipya kama afanyavyo chura wa kawaida.

Hata hivyo, ukiwatazama kwa karibu, hawajafungwa na maji kwa kiwango sawa. Aksolotli wa porini ni wa kahawia iliyokolea au karibu na weusi, mwenye madoa madogo. Yule wa waridi mwenye macho meusi unayemwona kwenye picha ni zao la kufugwa. Achoke huwa na rangi iliyofifia zaidi, kati ya udongo na kijani chenye umanjano, na matamvua yake ni makubwa, yenye nyuzi nyingi zilizosongamana, kuliko ya nduguye. Tofauti kubwa zaidi iko ndani ya mwili. Mwaka 1920 mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley aliwalisha aksolotli tezi ya thairoidi ya ng'ombe, tezi ileile ambayo kwa binadamu ikivimba tunasema ana goita. Aksolotli wakabadilika: matamvua yakanywea, mapezi ya mkia yakatoweka, wakapanda nchi kavu. Uwezo wa kubadilika ulikuwa umelala tu ndani yao. (Huyu Huxley ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, na mwaka 1960 alizunguka Afrika Mashariki akaandika makala kuhusu hali ya wanyamapori wetu zilizochangia kuanzishwa kwa WWF mwaka uliofuata.) Ukimsukuma achoke abadilike kwa namna hiyo, mara nyingi hufa. Yeye amesonga mbele zaidi katika njia ya kubaki majini, na pengine hakuna tena njia ya kurudi.

Safari ya Paris

Aksolotli alijulikana Ulaya mapema. Mwanasayansi msafiri Alexander von Humboldt alifika Paris na mizoga yake mwaka 1804, na Georges Cuvier, bingwa wa anatomia wa zama hizo, aliichunguza akashuku kwamba ni watoto wa salamanda fulani asiyejulikana. Swali hilo lilikaa miaka 60. Jibu lilikuja kwa mlango wa vita. Ufaransa ilipoivamia Meksiko katika miaka ya 1860, pamoja na majeshi zilitumwa safari za kisayansi, na mwaka 1864 aksolotli 34 walio hai wakafikishwa Paris. Sita kati yao, madume watano na jike mmoja, walipewa Auguste Duméril, mtunzaji wa wanyama watambaao katika Makumbusho ya Historia Asilia.

Duméril hakufanya lolote la ajabu. Aliwaweka kwenye maji, akawalisha. Mwaka 1865 wakazaana, na baadhi ya watoto wao, mbele ya macho ya wote, wakapoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Kizaazaa hicho kiliifanya kila maabara ya Ulaya iombe aksolotli, na Duméril aligawa bila uchoyo. Wanyama wengi wanaoishi leo kwenye maabara za dunia wana damu ya wale waliotoka Paris. Miaka michache baadaye, mwaka 1870, Alfredo Dugès, daktari mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa akiishi Meksiko, alimwelezea kisayansi salamanda wa Pátzcuaro na kumpa jina la Duméril. Ndiyo maana achoke anaitwa dumerilii. Amebeba jina la mtu aliyemtangaza nduguye ulimwenguni, ilhali yeye mwenyewe alibaki kwao.

Maabara zina sababu ya kumpenda aksolotli. Mkate mguu. Ndani ya siku moja hivi kidonda kinafunikwa na ngozi nyembamba. Chini ya ngozi hiyo chembe hai za misuli, mifupa na tishu nyingine hurudi nyuma kidogo katika makuzi yake na kukusanyika, kikatokea kifundo kidogo. Kifundo hurefuka, kikawa bapa kama kafi, na kwenye kafi hilo zikaanza kuonekana alama za vidole. Baada ya wiki kadhaa, au miezi michache kwa mnyama mkubwa, kuna mguu kamili, wenye vidole vinne ukiwa wa mbele na vitano ukiwa wa nyuma, mishipa na viungio vikiwa mahali pake, bila kovu. Hufanya hivyo pia kwa mkia, uti wa mgongo, na hata sehemu za moyo na ubongo. Mwaka 2018 wanasayansi walikamilisha kusoma jenomu yake na kukuta herufi bilioni 32, mara kumi ya jenomu ya binadamu.

Hapa ndipo watu wengi hufariji nafsi zao. Mnyama aliyejaa kwenye maabara na majumbani kote huko atatowekaje? Jibu ni kwamba wale si akiba ya Xochimilco. Wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa zaidi ya miaka 150. Mbaya zaidi, katika karne iliyopita waliingiziwa kwa makusudi damu ya salamanda chui-milia wa Marekani, na ndiyo njia iliyoleta wale weupe wenye macho mekundu. Hawajawahi kukwepa ndege wala kutafuta chakula kwenye tope. Ukiwamwaga mferejini utakuwa umeongeza tatizo: magonjwa ya tangini, na damu ya kigeni ndani ya kizazi kidogo kilichobaki. Hali ya spishi hupimwa kwa wale wanaoishi na kuzaliana kwao, bila msaada wa mtu. Wanaofugwa hata wangefika milioni hawaingii kwenye hesabu hiyo.

Na hesabu yenyewe inatisha. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksolotli 6,000 kwa kila kilomita ya mraba ya mifereji ya Xochimilco. Mwaka 2003 walikuwa 1,000. Mwaka 2008 walikuwa 100. Mwaka 2014 walipata 36.

Samaki kutoka kwetu

Xochimilco ni mabaki ya mtandao wa maziwa uliojaza bonde ambalo leo ni Mexico City. Wenyeji, tangu kabla Wahispania hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, walilima hapo kwa ustadi wa kipekee: walirundika tope na matete kwenye maji ya kina kifupi, wakapanda miti kingoni kuzuia udongo usimomonyoke, wakapata vishamba vyembamba vinavyoitwa chinampa, vilivyozungukwa na mifereji pande zote. Mahindi, mboga na maua vilistawi humo, na aksolotli alistawi mferejini. Watu walimla, na hakupungua. Wahispania na warithi wao waliyakausha maziwa ili wapate ardhi ya jiji. Karne ya 20 chemchemi za Xochimilco zikachukuliwa kwa mabomba kwenda kunywesha wakazi wa mjini, na baadaye mifereji ikaanza kujazwa maji taka yaliyosafishwa. UNESCO iliitangaza Xochimilco kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987, lakini tangazo halikuyabadilisha yale maji.

Kisha wakaja samaki. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa nia njema ya kuwapa wakulima kitoweo na kipato, ilipandikiza karpu wa Asia na tilapia wa Afrika. Huyo tilapia si mgeni kwetu: ni samaki yuleyule wa mto Nile ambaye kando ya Ziwa Victoria anaitwa sato. Mferejini alikula mayai na watoto wa aksolotli, huku karpu akichimbua chini, akilivuruga tope na kung'oa majani ambako jike hugandisha mayai yake. Nyavu za watafiti sasa hujaa samaki hao wawili.

Sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunakijua kisa hiki kwa uchungu wake. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 kwa hoja ileile ya kitoweo na kipato, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya spishi za furu, ambao hawapo popote pengine duniani, walikuwa wameporomoka au wametoweka kabisa. Sato mwenyewe pia aliletwa, na ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, akasukumwa pembeni. Furu aliishi bila kujua kumkimbia sangara, kama aksolotli alivyoishi bila kujua kumkimbia sato. Wavuvi wetu walipata fedha, na sitaki kuidharau fedha hiyo, kwani imesomesha watoto na kujenga nyumba kuanzia Mwanza hadi Kisumu. Nasema tu kwamba kila alipomwagwa samaki mgeni, aliyelipa gharama ni kiumbe ambaye hakuna aliyemwuliza.

Anayeongoza juhudi za Xochimilco ni Luis Zambrano wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, UNAM, pamoja na wenzake. Walichoamua kinanivutia kwa sababu hakianzii kwa mnyama. Wameanza na mkulima. Mwenye chinampa anayekubali kulima bila dawa kali za kuua wadudu husaidiwa kufunga mfereji wake mdogo kwa vizuizi vya mawe ya volkano na mimea ya majini. Maji hupita na kuchujwa, lakini karpu na sato hawapiti. Ndani ya mfereji huo aksolotli anaweza kuishi, na mboga za mkulima hupata soko lenye sifa. Tatizo ni kwamba chinampa nyingi zimeachwa, na nyingine zimegeuzwa viwanja vya mpira wa miguu vinavyokodishwa wikiendi, kwa sababu vinaingiza fedha haraka kuliko bizari na kabichi. Mradi unashindana na hesabu za mfukoni, na unajua hivyo.

Mwaka 2025 Zambrano na mwenzake Alejandra Ramos walichapisha matokeo ya jaribio ambalo lilisubiriwa kwa hamu. Aksolotli 18 waliozaliwa kwenye matangi waliachiwa wakiwa na vifaa vya kufuatiliwa kwa redio, wengine kwenye mfereji uliofungwa Xochimilco na wengine kwenye kidimbwi cha kutengenezwa kilicho katika machimbo ya zamani ya mawe mjini. Wote walinusurika kipindi cha ufuatiliaji. Waliokamatwa tena walikuwa wameongezeka uzito, ishara kwamba walikuwa wakiwinda wenyewe. Wawili baadaye waliliwa na ndege wa majini, na hilo nalo ni jambo la kawaida porini. Kumbe aliyezaliwa kizuizini anaweza kujifunza, mradi maji yawe maji kweli na asili yake iwe ya Xochimilco.

Achoke na masista

Ziwa Pátzcuaro liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Halina mto unaotoka. Kila kinachoingia kinabaki humo, iwe maji ya mvua, iwe udongo wa milima iliyokatwa miti, iwe uchafu wa mjini. Watu wa Purépecha wamelizunguka kwa karne nyingi, na achoke alikuwa kitoweo chao na dawa yao. Samaki wageni walifika huku mapema kuliko Xochimilco: katika miaka ya 1930 aliletwa samaki mla nyama kutoka Marekani, kisha wakafuata karpu na tilapia. Samaki mweupe wa ziwa hilo, aliyekuwa fahari ya meza za Michoacán, naye akawa adimu.

Masista walikuwa wakinunua achoke kwa wavuvi kwa ajili ya dawa yao. Wavuvi walipoanza kurudi mikono mitupu, mapishi ya dawa yalikuwa karibu kufa pamoja na mnyama. Padri mmoja mwenye elimu ya biolojia aliwashauri wawazalishe wenyewe, na masista wakaanza. Si kazi nyepesi. Achoke wadogo wakiachwa pamoja hukatana miguu na matamvua, kwa hiyo lazima watenganishwe kwa ukubwa. Maji lazima yawe baridi na safi, yabadilishwe kila mara. Mayai yatolewe kabla wazazi hawajayala. Masista walijifunza haya kwa kuyafanya, kila siku, kati ya sala na sala, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michoacán na wa bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, walipokuja kushirikiana nao na kukuta kwamba akiba bora ya spishi hii imo ndani ya kuta za monasteri.

Wapo watakaokereka kwamba mnyama aliye hatarini anapikwa dawa. Naielewa kero hiyo, lakini siafiki. Sitetei nguvu ya dawa yenyewe. Ninachotetea ni kwamba wanaomtumia ndio waliomzalisha, hawamchukui tena ziwani, na fedha ya chupa ndiyo inayonunua chakula cha waliobaki. Zaidi ya hayo, achoke wa monasteri wametokana na ziwa moja, bila kuchanganywa na salamanda wa kwingine. Aksolotli wa sebuleni hana sifa hiyo hata akiwa na wenzake elfu. Chester nao wamejaribu njia za kuwatia alama, na vichipu vidogo vya chini ya ngozi vimeonekana kufaa. Alama hiyo ina maana kubwa kwa mnyama anayeweza kuota upya kiungo, kwa kuwa ile mbinu ya zamani ya kukata ncha ya kidole ili kumtambua amfibia haina maana kwake. Kidole kitarudi.

Tanzania tunayo kumbukumbu ya namna hii. Mwaka 2000, bwawa la umeme la Kihansi lilipokuwa linaanza kazi, vyura 499 wa maporomoko ya Kihansi walipelekwa Marekani kuzalishwa. Kule bondeni manyunyu yalipungua, ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Wajukuu wa wale 499 walirudishwa na kuanza kuachiwa bondeni mwaka 2012, chini ya mfumo wa mabomba unaonyunyiza maji kuiga maporomoko. Bila bustani za wanyama za Bronx na Toledo tusingekuwa naye. Bila manyunyu pasingekuwa na mahali pa kumrudisha.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori, umewaorodhesha aksolotli na achoke tangu mwaka 1975. Ulinzi huo una faida yake, ila hakuna hata mmoja kati yao anayemalizwa na wasafirishaji. Mmoja anamalizwa na jiji, mwingine na bonde zima la ziwa. Nikiulizwa nani ana nafasi bora, ningesema aksolotli, wala si kwa sababu ya umaarufu wake. Mifereji inaweza kugawanywa. Unafunga mmoja, unausafisha, unaachia wanyama kumi, unaenda kwa jirani. Ziwa Pátzcuaro huwezi kulifunga kwa mawe ya volkano. Sato na karpu wametapakaa humo, na usalama wa achoke unategemea misitu ya vilimani, mitambo ya maji taka ya miji yote ya kando, na mashamba ya parachichi, zao ambalo Michoacán inaongoza kwalo na ambalo lina kiu kubwa. Katika ukame wa miaka ya 2023 na 2024 ziwa lilirudi nyuma hadi boti zikakwama kwenye ardhi kavu, na malori ya matangi yakakutwa yakivuta maji yaliyobaki kwenda mashambani; ikabidi askari wapelekwe kuyazuia.

Kwa hiyo ningependa kuona sehemu ya fedha inayomiminika kwa jina la aksolotli ikivuka milima kwenda Michoacán. Iwalipe wavuvi wavue karpu kwa wingi kwenye ghuba chache ambako achoke bado wanaonekana. Iwape masista chumba kikubwa na mtaalamu wa kudumu wa vinasaba. Na iwalipe walinzi wa visima na mito inayoingia ziwani. Mvua za huko huisha Oktoba, na kuanzia Novemba hadi Mei malori yale huwa na sababu ya kurudi.